Vyombo vyangu viende Uingereza au vibaki Tanga?

Shikamoo mjomba,

Mimi msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo leo, maana kichwa kinaniuma na humu ndani kila mtu ana neno lake. Naishi hapahapa Tanga, Makorora, nina watoto wawili. Baba watoto alipata kazi Uingereza, yuko Leicester tangu mwezi wa nne, na viza zetu sisi zimetoka juzijuzi alhamdulillah, tunataka tuwe tumeondoka kabla mwaka haujaisha inshallah. Tiketi sio shida, shida ni vyombo.

Niliita kampuni moja ya kuhamisha watu ya Dar, wale wanaokuja mpaka nyumbani wanakufungia wenyewe hadi kijiko na kukushushia mlangoni kule, wakanipigia hesabu dola elfu nne na ushee. Baba watoto alivyosikia akanyamaza kwenye simu afu akasema "gawa vyote njoo na mabegi, vitu huku vipo". Sawa vipo, lakini mjomba kuna vitu havinunuliki. Nina kasha la bibi mzaa mama, lile la kizamani la misumari ya shaba, alitoka nalo Pangani alipoolewa. Nina cherehani ya mguu ambayo ndo imenilisha miaka yote hii na kule nataka niendelee kushona. Kuna masinia na masufuria ya harusi, mikeka, misahafu na vitabu vya watoto, baiskeli ya mtoto mkubwa, mbuzi ya nazi (usicheke). Afu kuna seti ya sofa, friji, godoro la sita kwa sita. Na juu ya hapo baba watoto huyohuyo anayesema gawa vyote ananiambia eti niende kwa fundi Ngamiani achonge kitanda kipya cha mninga nije nacho, sababu huko kitanda cha mbao ya kweli bei yake haishikiki!

Kwaio nimeamua nisafirishe mwenyewe bila kampuni. Nimepata njia mbili. Ya kwanza, shemeji yangu ana rafiki yake Dar anapeleka kontena zima London kwa biashara zake, anasema nafasi ipo, nimpe milioni moja na nusu, vitu vyangu viingie humo kwa jina lake, hakuna makaratasi wala usumbufu, kule tutavifuata ghalani kwake. Ya pili kuna ejenti hapa mjini kanitumia bei WhatsApp, anachaji kwa kubiki mita, rahisi kweli ukilinganisha na ile kampuni, mzigo unaenda Dar unachanganywa na wa watu wengine kwenye kontena moja mpaka bandari ya kule. Shemeji anavutia kwa rafiki yake, mi moyo unasita lakini bei ndo hiyo.

Maswali yangu: niende na nani? Kule forodhani watanitoza ushuru wa vitu vyangu mwenyewe vya zamani? Fundi anasema kasha lazima alitengenezee kreti la mbao, ni kweli? Na naweza kujazia ng'onda na dagaa na achari kwenye maboksi yakibaki na nafasi? La mwisho la aibu kidogo, zile sofa alitununulia mavyaa tulipooana, kashaanza kuuliza "na sofa zangu mnazipakia lini?" na mimi sijui nimjibu nini.

Nisaidie mjomba.

Mama Wawili, Makorora


Marahaba mpwa wangu, na hongera ya viza, watu wanazililia hizo. Mbuzi ya nazi sijaicheka hata kidogo, ikunje uiviringishe kwenye mkeka iende.

Tuanze na rafiki wa shemeji maana huyo ndo atakayekuumiza, na wala sisemi ni mtu mbaya, simjui. Ubaya uko kwenye mpango wenyewe. Mzigo ukipanda meli kuna karatasi moja inayoutawala, wenyewe wanaiita BL, na aliyeandikwa humo kama mpokeaji ndiye mwenye mzigo mbele ya watu wa meli na mbele ya forodha. Jina lako halimo. Yaani kasha la bibi yako kwa makaratasi linakuwa bidhaa ya bwana fulani wa Dar. Akikosana na wenye meli kwenye malipo, kasha linakaa. Akiwa kashusha thamani ya bidhaa zake, au kaingiza kitu kilichokatazwa, forodha ya Uingereza haitakaa ichambue hiki cha nani na hiki cha nani, inashika kontena lote, na kontena likilala bandarini kuna pesa ya kuhifadhi mzigo na pesa ya kukawiza kontena lenyewe, zote zinapanda kila siku, na hapo utapigiwa simu uambiwe dada tuchangie. Na hata kila kitu kikienda kama maji, ule msamaha wa ushuru ntakaokueleza hapo mbele huupati, kwa sababu ni msamaha wa mtu anayehama na vyombo vyake na sio wa mfanyabiashara. Mwishoni boksi moja likipotea utalidai kwa karatasi gani? Huna hata moja, ndo ile aliyokwambia "hakuna usumbufu".

Kumkataa usimuingize ndani sana shemeji yako, mwambie tu forodha ya kule inataka mzigo uwe na jina la anayehama. Ni kweli na haina wa kununa.

Njia ya ejenti ndo njia ya kawaida kwa mtu mwenye mzigo mdogo. Unachangia kontena na watu msiojuana lakini kila mmoja ana BL yake, kwa jina lake, na orodha yake. Mzigo wa mwenzio ukiwa na matatizo unaweza kukuchelewesha ndio, ila hauwi wako. Sasa kabla hujampa hata shilingi, muulize leseni. Wakala wa forodha anapewa leseni na TRA, ofisi ya TRA ipo hapahapa mjini nenda kaulize, na hawa wanaounganisha mizigo ya watu kwenye kontena moja wako chini ya TASAC, ile wakala ya serikali ya mambo ya meli. Mtu ambaye ofisi yake ni simu na bei yake ni meseji ya WhatsApp, huyo ni dalali wa ejenti, kuna mwingine nyuma yake ambaye humjui, na BL itatolewa na huyo wa nyuma. Sio kosa lakini umjue.

Halafu soma vizuri ulichoandika mwenyewe: "mpaka bandari ya kule". Hapo ndipo wengi wanapolia. Bei aliyokupa ni ya kuutoa mzigo huku. Ukifika Felixstowe au London Gateway au popote kontena litakaposhushwa, kuna kulishusha, kuna kulipeleka ghala la kufungulia na kutenganisha mizigo, kuna pesa ya karatasi ya kuachia mzigo, kuna wakala wa forodha wa kule, kuna gari mpaka Leicester. Nyingine kati ya hizo hazihesabiwi kwa kubiki, ni bei moja uwe na boksi mbili au ishirini, ndo maana mzigo mdogo unauma zaidi. Na hulipi, hupewi. Nimeona watu wamefurahia bei ya Dar, afu ya kule ikaja kubwa kuliko ya huku, na wakalipa maana wafanyeje vitu vishafika. Kwaio mwambie ejenti akupe jina la kampuni mwenzake ya Uingereza itakayopokea, na baba watoto awaandikie imeili yeye mwenyewe leo, aseme nina mzigo wa nyumbani wa kubiki kadhaa unakuja kwa jina fulani, nipeni gharama zenu zote mpaka mlangoni. Akishapata hiyo, jumlisha na ya huku na loli la kwenda Dar, ndo ulinganishe na zile dola elfu nne. Usije ukashangaa tofauti ni ndogo kuliko ulivyodhani, na kama ni ndogo sana mi ningelipa kampuni nikalala usingizi. Ila kwa mzigo wako nadhani haitafika huko, ukipunguza.

Na kupunguza ndo penyewe sasa. Chukua futi kamba, pima kila kitu urefu, upana, kimo kwa mita, zidisha vyote vitatu, hiyo ndo kubiki. Mizigo ya kuchangia inachajiwa kwa kubiki au kwa tani, ile itakayozidi, na vyombo vya nyumbani karibu kila mara kubiki ndo inazidi. Tena kwa kawaida haishuki chini ya kubiki moja hata ukiwa na kijimzigo. Tukadirie vyako. Kasha la mita 1.1 kwa 0.55 kwa 0.6 ni kama 0.36. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40 ni 0.096, ukiwa nayo 15 ni 1.44. Yale mapipa ya plastiki ya bluu ya lita 210 moja linakula kama 0.3, ukiweka mawili ya masufuria na nguo ni 0.6. Kichwa cha cherehani ukikitoa kwenye meza yake kinaingia boksi moja. Baiskeli toa magurudumu na pedeli, geuza usukani, sema 0.2. Yote hiyo haifiki kubiki 3.

Sasa sofa. La watu watatu, mita 2.1 kwa 0.9 kwa 0.9, ni 1.7. La wawili ni 1.2. La mtu mmoja 0.73. Seti peke yake ni zaidi ya kubiki 3.6, yaani umelipia hewa iliyo chini ya sofa kuliko kasha, cherehani, misahafu na baiskeli vyote kwa pamoja. Na kule kuna sheria ya vitambaa na sponji za sofa visishike moto haraka, kila sofa linalouzwa lazima liwe na lebo yake, letu la huku halina, kwaio siku mkitaka kuliondoa hata kuliuza ni tabu na maduka ya misaada hayalipokei, mtalipa gari la kulitupa. Godoro nalo 0.65 la kitu ambacho watakuletea mlangoni Leicester kimekunjwa kwenye boksi. Friji lingefanya kazi kule, umeme wao ni volti 230 kama wetu na plagi ni hizihizi za pini tatu za mraba, lakini kwa 0.6 ya kubiki halilipi, na friji linalolazwa na kurushwa safari ndefu halina uhakika. Hiyo habari ya plagi lakini ikumbuke kwa pasi na blenda, hizo zitie bila wasiwasi. Miguu ya cherehani ile ya chuma acha pia, chukua kichwa, kule utakipatia meza na mota.

Ushuru. Uingereza wana msamaha kwa mtu anayehamia, mamlaka yao ya kodi HMRC ndo inatoa, fomu yake inaitwa ToR1 na inajazwa mtandaoni. Bila huo msamaha wanaweza kukutoza VAT asilimia 20 na ushuru juu ya thamani ya vitu, hata kama ni sufuria la 2015. Masharti ni haya: uwe umeishi nje ya Uingereza miezi 12 mfululizo au zaidi, wewe hilo halina swali. Vitu uwe umevimiliki na kuvitumia angalau miezi 6 kabla ya kuhama. Viingie ndani ya miezi 12 tangu uhamie, au visitangulie zaidi ya miezi 6 kabla yako. Na vikishaingia kwa msamaha usiviuze, usiviazimishe wala usivikodishe kwa miezi 12. Sigara na pombe havimo, lakini hayo najua hayakuhusu.

Umeona sasa kitanda kipya cha mninga kinaangukia wapi? Fundi akimaliza mwezi ujao hakijafikisha miezi 6, hakijalaliwa, kinatozwa. Ukikichomeka kwenye orodha kama cha zamani na bado kinanukia vanishi umedanganya forodha ya watu, na unahatarisha msamaha wa mzigo mzima kwa ajili ya kitanda. Mwambie baba watoto kitanda akanunue huko huko. Hali kadhalika vitambaa, najua mafundi cherehani, mtu anaona heri aende na majora kumi ya vitenge ya kuanzia biashara. Hayo ni bidhaa, hayaingii kwenye msamaha. Cherehani yenyewe iandike kama ilivyo, ya zamani uliyoitumia mwenyewe, ila vyombo vya kazi vina masharti yake kwenye huo msamaha, waulize HMRC kwanza.

Omba wewe kwa jina lako, na omba kabla mzigo haujapanda meli, sio ukiwa baharini. Watataka pasipoti, uthibitisho wa anwani ya huku na ya kule (mkataba wa nyumba wa mumeo) na orodha ya vitu. Wakikubali wanakupa namba ya kumbukumbu, hiyo namba ndo wakala wa kule anaitumia kwenye kutoa mzigo. Jina kwenye pasipoti, kwenye msamaha, kwenye orodha na kwenye BL liwe moja herufi kwa herufi, sio huku Mwanahamisi kule Mwanakhamisi, ofisi za kule hazijui kwamba ni mtu yuleyule.

Orodha iandike wakati unafunga na sio baada ya kufunga. Kila boksi namba yake, 1 ya 15, 2 ya 15, pande mbili na juu, na kwenye daftari andika ndani kuna nini na kila kitu thamani yake ya sasa hivi kilivyochakaa. "Vyombo mbalimbali" haikubaliki. Andika sufuria 6, sinia 4, mapazia 3. Piga picha kila kitu kabla hakijaingia, na boksi likishafungwa picha nyingine. Boksi usizifunge kwa gundi kama za kufukiwa, Dar huenda zikafunguliwa wakague.

Fundi wa kreti amekwambia nusu. Mbao za kufungashia, iwe kreti au paleti za chini, zinabanwa na kanuni ya kimataifa inaitwa ISPM 15, mbao lazima ipashwe joto mpaka katikati yake ifike nyuzi 56 kwa dakika 30 zisizokatika, igongwe muhuri wa IPPC wenye herufi HT. Mbao za fundi wa Ngamiani hazina huo muhuri, wakiziona kule wanaweza kuamuru zichomwe au zirudi kwa gharama yako. Kwaio kreti la nini? Kasha lenyewe ni samani, haliingii kwenye hiyo kanuni, lifunge kwa mablanketi ya zamani, juu yake makatoni mazito tabaka mbili, kona zake ziongezee. Ndani usiliache tupu, weka mapazia na nguo, hiyo nafasi unailipia hata hivyo. Lakini kabla ya yote ligonge na uliangalie chini, ukiona unga unadondoka kuna wadudu ndani, litibiwe huku kwanza.

Kasha hilohilo lina jambo jingine. Tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 na vitu vya kale haviondoki nchini bila kibali, kwa mfano milango na fremu za kuchongwa za kabla ya 1940 inalindwa na sheria hiyo. Kasha sio mlango, ila la bibi yako ni la zamani na lina nakshi, afisa akiliona Dar anaweza kukuuliza. Lipige picha uende Idara ya Malikale ukapate maandishi mapema, kuliko kukimbizana nao wakati kontena linafungwa. Na humo ndani kama kuna kitana au kikasha cha gamba la kasa ng'amba, au makoa na matumbawe ya urembo, toa yote uache kwa dada yako. Ng'amba hana mjadala, CITES, mkataba wa dunia wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, umezuia kabisa biashara yake na kule watashika. Mpingo nao umo kwenye CITES tangu 2017, ila vitu vilivyokwisha kutengenezwa visivyozidi kilo 10 za mbao kwa mzigo mmoja havihitaji kibali, vinyago vyako viwili vitatu vya sebuleni vitapita.

Bima sasa, watu wanaiona kama mapambo. Vitu ulivyofunga mwenyewe bima nyingi hazilipi kilichovunjika ndani ya boksi, wanasema umefunga vibaya, zinalipa mzigo ukipotea wote. Muulize hilo kwa maandishi. Ila hata hiyo ya kupotea wote uichukue, na sababu yangu kubwa sio wizi. Sheria ya bahari ina kitu cha kale sana, meli ikipata janga na gharama ikatumika kuiokoa pamoja na mizigo, mwenye meli anaweza kutangaza kwamba wenye mizigo wote wachangie, hata yule ambaye chake hakijaloa. Ile meli ya makontena Ever Given ilipokwama Mfereji wa Suez Machi 2021 mwenye meli alitangaza hivyo hivyo, na wenye mizigo walitakiwa waweke dhamana ndo wapewe. Mwenye bima, kampuni ya bima inamwekea. Asiye na bima anatoa mfukoni.

Kuhusu kufika Dar, kuna watakaokuambia kwa nini usipakie hapahapa, bandari ya Tanga si imechimbwa? Ni kweli, zamani meli zilitia nanga nje mzigo unafuatwa na matishari, siku hizi gatini kina ni mita 13. Lakini wewe huna kontena zima, una kubiki 3, na mizigo ya kuchangia inakusanywa Dar. Ni kilomita kama 350 kwa Segera na Chalinze, tafuta loli kavu lililofunikwa. Lifti ya loli la machungwa ya Muheza ni rahisi na inajaribu, ila machungwa yana maji na maboksi ni makaratasi.

Unyevu huo huo ndo adui wa safari nzima. Kontena mchana linachemka usiku linapoa, ndani linatoa jasho, matone yanadondoka kutoka juu. Fua kila nguo, ianike mpaka iwe kavu kabisa, misahafu na vitabu vifunge na nailoni kwanza afu kwenye boksi ndogo, maana boksi kubwa la vitabu hakuna atakayelibeba litatupwa tu. Vikombe na masahani viringisha kwa khanga zako, magazeti ya nini. Matairi ya baiskeli yasafishe yasiwe na udongo wa Makorora hata chembe, udongo hawautaki. Mtungi wa gesi, kiberiti, pafyumu, pauabenki, hivyo vyote nje.

Chakula hapana. Nyama na maziwa kutoka nchi kama yetu haviruhusiwi kabisa kwa mtu binafsi, na ingawa samaki sheria yake ni laini kidogo, fikiria ng'onda miezi miwili ndani ya chuma cha moto pamoja na misahafu na nguo za watoto, jamani. Kidogo cha kula wenyewe beba kwenye begi la ndege, ukishasoma kwanza kwenye tovuti ya serikali yao nini kinaingia.

Nimesema miezi miwili lakini usinishike. Huu mzigo hauko kwenye ile yetu ya waja leo waondoka leo. Kontena la kuchangia linasubiri lijae, kutoka Dar mara nyingi linabadilishwa meli njiani, na tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi ziliikwepa Bahari ya Shamu zikawa zinazunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini mwa Afrika, safari ikarefuka. Kwaio sweta, sare, vyeti vya watoto, vyeti vya kuzaliwa na vya shule, dawa, na vitu vya kupikia siku za mwanzo vinakwenda na nyie kwenye ndege. Cheti chochote kisiingie kwenye boksi. Kama kuna boksi moja mbili unazihitaji haraka kuna kutuma kwa ndege, ila ujue ndege nayo inapima ukubwa, boksi lile la 60 kwa 40 kwa 40 linahesabiwa kilo 16 hata ukiweka mito mitupu.

Siku ya kukabidhi mzigo usiondoke na risiti ya pesa peke yake, chukua na karatasi ya kupokea mzigo yenye idadi ya maboksi. Rasimu ya BL akutumie uisome kabla haijatolewa, na mwambie aifanye mpokeaji asihitaji karatasi asilia mkononi, wanaita teleksi rilisi, usije ukaanza kutuma karatasi kwa DHL wakati mzigo unalipishwa ghala. Usimalizie hela yote mpaka uione hiyo rasimu.

Mavyaa. Zile sofa usimwambie unaziacha kwa sababu ya bei, atasema hazina thamani kwako. Nenda naye kwake, na mumeo awe kwenye simu muda huohuo maana huyo ni mama yake na maneno haya yatoke kwake, aseme mama sofa zirudi kwako zikae sebuleni, tukija likizo ndo tutakapokaa. Friji nalo umpelekee siku hiyohiyo, na uliwashe kabla hujaondoka aone barafu. Afu masinia ya harusi kama mojawapo alitoa yeye, lipakie boksi la kwanza akiwa anakuangalia.